Kuku wa Turubai

Siku nilipomeza kidonge cha mwisho, nesi alifunga kadi yangu akaniuliza nitakwenda wapi kusherehekea. Nikamwambia nakwenda Ushirombo kumfuata mbwa wangu. Alicheka, akidhani ni utani wa mtu aliyechoshwa na dawa. Mimi nilikuwa nimengoja kuisema sentensi hiyo tangu vuli ya mwaka uliotangulia.

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye sasa hivi umekaa kwenye benchi la kliniki ya kifua, na nyumbani umeacha mnyama. Watu watakuuliza habari za watoto, za shamba, hata za simu yako kama ina chaji. Huyo aliyebaki uani, anayesimamisha masikio kila pikipiki inapopita akidhani ni wewe, hakuna atakayekuuliza habari zake. Na wewe utaona haya kumtaja mbele ya watu wanaotema damu. Mimi niliona haya. Ndiyo maana nataka kueleza yaliyonipata, moja baada ya jingine.

Kazi yangu ni kukusanya habari za redio ndogo ya jamii hapa Geita. Nyumbani na kazini naitwa Mama Minza, kwa jina la binti yetu. Nilizaliwa Ibadakuli, Shinyanga, katika boma ambalo mbwa alihesabiwa pamoja na majembe: kitu cha kazi, hakipapaswi. Kupapasa mbwa nimejifunzia ukubwani, na aliyenifundisha ni kazi ya habari.

Katika ukanda wetu huu, dhahabu ikisikika mahali, watu hukimbilia huko. Tunaita rashi. Wiki chache tu, porini panaota mji wa maturubai: mama ntilie, wauza tochi, mashine za karasha za kusagia mawe, na mbwa wa kulinda viroba vya mawe hayo visiibiwe. Maduara, yaani mashimo ya dhahabu, yakikauka, mji unahama. Turubai linakunjwa, sufuria zinafungwa nyuma ya pikipiki, na mbwa hafungwi popote. Anabaki akilinda mashimo. Nilitumwa kuandika habari ya kambi moja iliyohamwa namna hiyo, nikarudi na sauti kwenye kinasa, mtoto wa mbwa kwenye kiroba, na paka mmoja aliyenichana mkono mpaka kiwiko.

Baada ya hapo sikuweza kupita kambi iliyohamwa bila kusimama. Sikuwa na shirika wala kibao mlangoni. Nilikuwa na ua wenye michongoma, bwana mifugo aliyekubali kuja kuwachanja kichaa cha mbwa, na mume mvumilivu. Baba Minza ni fundi wa mota za karasha, na yeye ndiye aliyekuwa akisikia kambi gani inakaribia kuhama. Wanyama walikaa kwetu mpaka vidonda vikapona na mbavu zikafunikwa, kisha nikawatafutia kwao. Paka hawakunisumbua; mtu mwenye ghala la mahindi hakatai paka. Mbwa ndio waliotaka uangalifu, na hapo nilitumia desturi niliyoikuta ukweni kwangu.

Ukweni, mbwa hatolewi bure. Wanasema mbwa wa bure hurudi alikotoka au hufa. Anayemtaka huleta kuku. Kuku huyo akichinjwa, na mwenye mbwa akamla, mbwa amehama; hadaiwi tena. Kuku akiwa bado anadonoa uani, mbwa yuko kwa mkopo tu. Niliipenda desturi hiyo kwa sababu ilinipa muda. Mtu akichukua mbwa, kuku wake nilimfunga uzi mwekundu mguuni, kisha nikaenda kumtembelea mbwa bila taarifa. Nikimkuta amekonda, au amefungwa mnyororo juani, nilirudisha kuku na kuondoka na mbwa. Nikiridhika, kuku aliliwa Jumapili. Baba Minza alikuwa akiwaambia wageni kwamba nyumba yetu ndiyo pekee Geita ambako kuku wanasubiri matokeo ya mtihani.

Turubai nilimkuta chini ya kipande cha turubai kilichosahauliwa, kando ya duara lililokuwa limeanza kujaa maji. Alikuwa mbwa jike wa rangi ya udongo, sikio la kushoto limechanika, mguu mmoja wa nyuma hagusi nao chini. Aliponiona hakubweka wala hakukimbia. Alitazama nyuma yangu, kama mtu anayeangalia kama nimekuja peke yangu au na wale wengine. Alipopona, walikuja watu kadhaa na kuku wao, na kila mmoja nilimpata na kasoro: huyu anakaa karibu na lami, huyu ana sauti kali, yule kuku wake mwenyewe ameletwa kichwa chini. Baba Minza akaniambia niache kuwachosha watu, niseme tu kwamba mbwa ameshapata kwake. Hivyo ndivyo Turubai alivyokuwa wangu. Nikiandika habari zangu kibarazani, alilala juu ya miguu yangu mpaka ikafa ganzi.

Kikohozi kilianza kiangazi, wakati vumbi la barabara ya mgodini linapokaa juu ya majani ya migomba mpaka hayaonekani kijani. Kila mtu Geita hukohoa kipindi hicho. Nilikunywa dawa za maji za dukani, nikanywa tangawizi, nikaacha kusoma taarifa redioni kwa sababu sikuweza kumaliza sentensi ndefu. Nguo zilianza kunipwaya. Asubuhi shuka lilikuwa limelowa jasho kama limetoka kufuliwa. Siku niliyoona damu kwenye kitambaa ndiyo siku niliyokwenda kupima.

Dawa za kwanza zilinifanya nikojoe rangi ya soda ya machungwa. Nakuambia mapema ili usishtuke kama nilivyoshtuka mimi. Niliwekewa kikombe changu, sahani yangu na chumba changu. Minza na baba yake walipimwa wakaonekana salama, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Binti yangu alizoea kuongea nami kupitia dirisha, amesimama juu ya ndoo iliyopinduliwa. Turubai peke yake ndiye ambaye hakuambiwa. Alilala kizingitini, na nikikohoa alisimama, akajikung'uta, akalala tena.

Nilimaliza miezi miwili ya dawa hizo, na kikohozi kikabaki palepale. Vipimo vikarudiwa. Nesi akaniita pembeni, akaniambia kwamba kifua changu ni sugu, dawa ni nyingine, na lazima nilazwe mpaka makohozi yasafike.

Hapo ndipo alipokuja wifi Sabina, dada mkubwa wa mume wangu, kutoka shambani kwake nje kidogo ya Ushirombo. Ni mjane. Mwanawe pekee alikwenda machimboni zamani, na siku hizi humpigia simu akikumbuka. Wifi ni Mkatoliki wa kufunga Kwaresima yote, mwenye mikono mipana na sauti ya kuita mbuzi. Alishuka kwenye pikipiki na begi lake, akatusalimia, akatazama ua wangu wenye mbwa watatu na paka wawili, akasema alichokuwa amekisafiria.

"Manyoya haya, wifi, ndiyo yamekaa kifuani mwako."

Nilimwambia kwamba nesi amelikana hilo. Akajibu kwamba nesi hajawahi kufagia ua huu. Majirani walikuwa wamekwisha kusema hivyohivyo, tena siku nyingi, kwa kupitia watoto wao. Baba Minza alikuwa akipima maneno ya dada yake kama anavyopima mota, kwa kuyasikiliza yanavyozunguka. Nilipanda pikipiki kwenda wodini, na Turubai akanifuata mpaka kwenye mashine ya kusaga, ambako Minza alimrudisha kwa kumkumbatia shingoni.

Wodi ilikuwa na madirisha yasiyofungwa, mvua inyeshe isinyeshe. Tulingoja kila kitu. Tulingoja vidonge, tukangoja daktari, tukangoja majibu ya makohozi yaliyokwenda mbali na kurudi taratibu. Mchana tulitolewa kukaa kwenye mabenchi chini ya banda la bati. Wengi walikuwa wachimbaji, wanaume wenye vifua vya kunyanyua mtarimbo ambao sasa walikuwa wakipumzika katikati ya kufunga vifungo vya shati. Mmoja, ambaye wote tulimwita Ngosha, alisema dhahabu ameiacha yote kule chini, vumbi ndilo alilofanikiwa kutoka nalo, na mlangoni hawakumpekua.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa Dada Pili, mama ntilie wa mwaloni, pale wanapooshea mchanga wa dhahabu. Alikuwa ametangulia mwezi mmoja, kwa hiyo alijua njia. Alinifundisha kumung'unya matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, mara tu baada ya kumeza dawa, ili kuua ile ladha ya chuma mdomoni. Kipande kimoja kilikaa shavuni saa nzima. Sijui jina la dawa hata moja kati ya zile ila najua ladha ya kiazi kile.

Mwili ulibadilika kwa zamu. Kwanza uzito. Halafu ngozi ikaanza kuiva, siku hadi siku, mpaka nikawa na rangi ya chungu kilichokaa motoni, na weupe wa macho ukawa ndio unaonitambulisha. Halafu miguu. Siku moja nilitoka chooni nikafika kitandani, nikaona nina ndala moja. Nyingine ilikuwa imebaki katikati ya njia na sikuhisi kuondoka kwake. Nilicheka na Pili mpaka tukakohoa. Baadaye, shuka usoni, nikawaza yule aliyekuwa akiifanya miguu hii ife ganzi kwa kuilalia, nikalia.

Baba Minza alikuja kila Jumamosi, akakaa benchi la mbali, barakoa usoni. Kwa sauti ya fundi anayeeleza mashine, alinipa taarifa: mbwa wale wawili wamechukuliwa na mlinzi wa ghala, paka wamekwenda kwa mwenye duka la mahindi. Halafu akairekebisha barakoa.

"Na Turubai?"

Akasema Sabina amekwenda kwake mara moja kupanda mahindi, mvua zimeanza, na amekwenda naye. Kule fisi wanasumbua mbuzi. Akaongeza haraka kwamba dada yake ameleta tetea, na yeye amemfunga uzi mwekundu mguuni kama ninavyofanya mimi.

Nilishukuru kuliko nilivyomwonyesha. Kuku alikuwa uani, kwa hiyo mbwa alikuwa bado wangu. Usiku huo nilimweleza Pili desturi yote. Alisikiliza, akageukia upande wangu, akasema kwamba basi nipone upesi, kabla kuku hajazeeka.

Mvua za vuli zikaja kweli. Wakati huo nilikuwa nimeacha kula. Kila kilichoshuka kilirudi. Uji ulirudi, ndizi zilirudi, hata maji. Nesi alinihimiza, kisha akanikemea, kisha akaacha kunikemea, na hilo la mwisho ndilo lililoniogopesha. Jumamosi moja Baba Minza alifika na chupa ya chai, akaiacha mlangoni, akaenda kukaa kwenye benchi lake. Pili aliifungua. Ilikuwa supu. Kuku wa kienyeji, limao kidogo, chumvi kidogo; harufu ilipita katikati ya dawa na jiki na kunifikia kitandani kama mtu aliyeniita kwa jina. Nilikunywa kikombe kimoja. Kikatulia. Nikanywa cha pili, nikala na paja lote, nikanyonya mfupa. Kupitia dirishani nilimwona mume wangu ameinamisha kichwa. Nilidhani anasali.

Tangu siku hiyo nilianza kula. Kwa uangalifu kwanza, kisha kwa pupa. Makohozi yalisafika wakati mahindi ya mashambani yanabeba, na nikaruhusiwa kurudi nyumbani, nikimezea dawa zangu kituo cha afya cha jirani, kila asubuhi, mbele ya macho ya nesi. Pili alikuwa ameshatoka. Ngosha alinisindikiza mpaka getini kwa hatua fupifupi. Akaniambia, maana Pili alikuwa amelisimulia benchi zima, nikifika nimsalimie kuku.

Nilifika uani nikatazama. Palikuwa pamefagiwa, hapana manyoya wala alama ya ukucha. Nikazunguka nyumba, nikachungulia jikoni, nikainama chini ya mbuzi ya kukunia nazi kana kwamba kuku angejificha hapo.

"Baba Minza, tetea wa wifi yuko wapi?"

Alikuwa ameshika begi langu. Hakuliweka chini.

"Kideri kilifagia kuku wa mtaa mzima," akasema. "Alibaki yule."

Nikamwambia sijaelewa. Nilikuwa nimeelewa.

"Nesi aliniambia, asipokula wiki hii tusitegemee. Nikarudi hapa, nikamtazama. Akanitazama."

"Ungeniambia."

"Ungekunywa?"

Nilikaa kwenye kizingiti, pale pale alipokuwa akilala mbwa wangu. Nilikuwa nimemla mwenyewe, paja na mfupa wake, na kwa sheria niliyokuwa nikiwapimia watu wengine miaka yote, Turubai alikuwa amehama. Sikumkasirikia mume wangu. Ningependa kusema hivyo kwa uhakika zaidi, lakini ukweli ni kwamba kwa wiki mbili nilimjibu kwa maneno mafupi, naye akarekebisha kila kitu kilichoharibika nyumbani, hata bawaba ambazo hazikuwa na tatizo.

Wenzangu, kipindi cha kumezea dawa nyumbani ni kigumu kwa namna yake. Wodini wote mnaumwa. Nyumbani watu wanaishi, na wewe unapita katikati yao na rangi mpya. Mwenye pikipiki aliyenipeleka kituoni alivuta shati puani mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili akasahau, na nilihesabu kusahau kwake kuwa zawadi. Nilirudi kutoka kituoni nikakaa kibarazani na miguu yangu isiyosikia, nikawaza Ushirombo. Nilijiuliza kama anakula dagaa, kwa sababu ugali mtupu hakuupenda. Nilijiuliza kama ule mguu unamsumbua wakati wa baridi. Zaidi nilijiuliza kama alinitazamia, na kwa siku ngapi, na ilikuwaje siku alipoacha.

Wifi hakurudi Geita, shamba lilimshika. Siku moja Minza alimpigia simu akamwomba aiweke karibu na Turubai. Tukasikiliza wote, simu katikati yetu. Tulisikia upepo, kuku, na wifi akisema kwa Kisukuma, "Njoo hapa, mama, njoo uongee na wenzio." Kisha ikawa kimya chenye kitu ndani yake. Minza akasema amesikia pumzi. Mimi sikuwa na hakika. Nilichosikia vizuri ni lile "mama," na jinsi lilivyotoka bila kutafutwa.

Masika yakaisha. Wakulima wakavuna mpunga, kisha pamba ikaanza kufunguka. Ganzi ikapanda mpaka vifundoni, ikasimama, ikaanza kushuka. Nywele zikarudi kuwa na mafuta. Siku moja nilipanda kilima cha kituoni bila kusimama, nikafika juu, nikageuka kutazama nilikotoka, na kwa mara ya kwanza nikafikiria mpango. Sheria ya kuku inaweza kwenda na kurudi. Aliyepewa mbwa naye anaweza kupelekewa kuku, na akimla, mbwa anarudi. Nikanunua tetea mzuri wa madoadoa, nikamfunga uzi mwekundu, nikamlea mwenyewe nikingoja kidonge cha mwisho.

Kwa hiyo nesi alipoufunga mwaka wangu kwa kufunga ile kadi, kesho yake nilikuwa kwenye basi la kwenda Kahama, tetea kwenye kikapu miguuni, Baba Minza amenishikia mlango na kusema maneno machache tu: nisalimie dada, na lolote litakalokuwa, nile kabla ya kusafiri kurudi.

Niliteremka Ushirombo, nikachukua pikipiki mpaka kwenye njia ya mashambani. Uzio wa minyaa wa wifi unaonekana tangu mbali. Kabla sijaufikia, kitu cha rangi ya udongo kilitoka kwenye uwazi, kikasimama. Alibweka mara mbili, ile sauti ya kumzuia mgeni. Nilisimama na mimi. Nilikuwa na rangi nyingine na uzito mwingine, na sijui nilinuka nini baada ya dawa zote zile. Nikataja jina lake. Alishusha kichwa, akaja kwa pembeni pembeni, akanusa kikapu, akanusa viatu, halafu akaegemea miguu yangu kwa uzito wake wote na kutoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mbwa, nyembamba, kama bawaba. Niliisikia miguu yangu yote miwili. Tulikaa chini njiani.

"Mwangaluka, wifi," akasema Sabina kutoka kwenye uwazi. Alikuwa amesimama muda, nadhani. "Umekuwa mweusi, lakini umerudi."

Nilimpa kikapu. Alimtoa tetea, akaona uzi. Hakuuliza. Alimpima uzito kwa mkono mmoja, akasema ni kuku mzuri, na kabla sijanywa maji alikuwa amekwisha kumchinja.

Mchana wote nilikuwa nikitazama, kwa sababu ndiyo kazi niliyozoea. Turubai hakufungwa. Alitembea nyuma ya mbuzi bila kuambiwa, akiburuta kidogo ule mguu. Alikuwa amenenepa. Wifi aliongea naye siku nzima kwa Kisukuma, habari za ndoo, habari za jua, habari za mwanawe ambaye hajapiga simu tangu pamba ya mwaka jana. Kwangu alikuwa mbwa wa Kiswahili. Pale alikuwa ameshajua lugha ya nyumba.

Jioni tulikaa jikoni. Wifi alipakua ugali, mlenda, na bakuli la kuku. Firigisi akaiweka upande wangu, heshima ambayo wanawake hatuipati mara nyingi. Nilikula. Yeye alimega ugali, akachovya mlenda. Akamega tena, akachovya mlenda. Nikamsogezea bakuli.

"Nina jino, wifi," akasema. "Nyama inanitesa. Kula wewe unayejenga mwili."

Nikamwambia basi achukue mchuzi tu. Akasema mchuzi wa moto nao unalishtua. Turubai alikuwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje, akitutazama kwa zamu.

"Nilisema manyoya ndiyo yamekuua kifua," wifi akasema baadaye, akiosha mikono. "Nimelala naye mlango mmoja mwaka mzima, wala sijakohoa. Kwa hiyo nilisema uongo. Kesho nitakutafutia kamba. Ni mbwa wako."

Asubuhi kamba ilikuwa tayari juu ya jiwe, imesukwa upya kwa katani, na pembeni yake kiporo cha ugali na dagaa kwenye mfuko, chakula cha mbwa cha njiani. Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda na kikombe cha chai ya rangi, akitafuna mahindi makavu ya kukaanga. Aliyatupa mdomoni moja moja na kuyavunja kwa magego ya pande zote mbili, na mlio wake niliusikia tangu mlangoni. Aliponiona nimesimama hapo, alifunga mdomo. Kisha akaendelea, taratibu, bila kunitazama.

Bakuli la kuku lilikuwa rafuni, limefunikwa kwa sahani. Nililifunua. Mbali na nilichokula mimi, hakikuguswa kipande.

Nilimfunga Turubai kamba. Wifi alisema hawezi kutusindikiza, mbuzi wamechelewa kutoka. Tukaagana kwa mkono, naye akaufunika wangu kwa mkono wa pili, akasema "Wabeja" kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeshukuru kwa chumvi. Turubai alitembea nami kwa furaha, mkia juu, akinigonga goti kila hatua tatu nne, jinsi alivyokuwa akifanya zamani tukienda sokoni.

Tulipofika mwisho wa minyaa niligeuka. Wifi alikuwa amefungua zizi. Mbuzi walimiminika, akasimama katikati yao, akapeleka vidole viwili mdomoni kumpigia mbwa mluzi. Vikaishia mdomoni, mluzi haukutoka. Akavitazama, akavifuta kwenye kanga.

Nilipiga magoti nikafungua fundo. Lilikuwa limekazwa vizuri. Ilinichukua muda, na kwa muda huo wote Turubai alinilamba sikio. Nilimshika kichwa. Nilimwambia mambo ambayo hayahitaji kuandikwa hapa. Halafu nikasimama, nikanyoosha mkono kuelekea zizini, nikasema, "Rudi."

Alinitazama. Nikasema tena. Neno hilo nilimfundisha mwenyewe, siku za ule mguu mbovu, ili asinifuate barabarani. Akageuka, akatembea, akasimama kunitazama, kisha mbuzi mmoja akaruka kuelekea kwenye pamba, naye akakimbia.

Kifua changu kilikuwa kizima. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kumwita mpaka angenisikia kule ng'ambo ya shamba. Niliishikilia ndani, nikakunja kamba, nikaanza kutembea kuelekea barabarani.